Asubuhi Isiyo na Chai

Tulimzika Mama Paskali mchana wa jua kali, kwenye kiwanja chake mwenyewe pale Maisaka, mjini Babati, hatua chache nyuma ya banda lake la jiko. Nilikuwa nimetoka Singida kwa basi na nilishalia vya kutosha njiani, kwa hiyo kaburini nilikuwa mkavu, nashangaa tu watu walivyojaa hadi kwenye mahindi ya jirani. Padri akamwita Paskali, mwanawe wa pekee, aje aweke udongo. Paskali niliyemwacha kijana mwembamba wa sekondari sasa ni baba wa watoto watatu, mwili umejaa, anaendesha lori la mbaazi, siku nyingi yuko njiani. Akainama kuchota udongo, kola ya shati ikashuka, na mimi niliyekuwa nyuma yake nikaiona shingo. Jamani! Nilimkamata mkono mtu aliyesimama karibu nami, mpaka leo simjui ni nani. Nyuma ya shingo ya Paskali palikuwa na ukanda mweusi, mnene, laini kama kitambaa cha mahameli. Ukanda ule ninaujua sana, maana nilishawahi kuwa nao mimi mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, naangalia kola za watu kabla ya nyuso zao, na siku ile niliomba Mungu macho yangu yawe yamekosea.

Jioni tulikula wali na maharage uani, chini ya turubai. Paskali alikaa karibu nami na soda mbili, moja mkononi, nyingine inasubiri miguuni. Nikamuuliza kwa upole kama huwa anapima afya. Akacheka, akajipiga kifua. "Dada Tabita, mimi niko fiti bwana! Juzi tu walitupima sukari kazini, madereva wote. Yangu iko sawa kabisa." Mkewe, Magreti, alikuwa anapita na sinia la vyombo, akatabasamu kwa fahari. Mimi nikaweka sahani chini. Neno hilo, sawa kabisa, hata mimi niliambiwa miaka zaidi ya ishirini iliyopita, mwendo mfupi tu kutoka pale tulipokaa, nikapigiwa hata vigelegele. Na mwaka uliofuata vigelegele vile ndio ulionifundisha kwamba kuna sawa na sawa.

Nilikuja Babati nikiwa binti wa miaka ishirini na kidogo, kushona kwenye baraza la duka moja la vitambaa sokoni. Nilipanga chumba kwa Mama Paskali kwa sababu kilikuwa karibu na kwa sababu alinipikia siku ile ya kwanza kabla hata hajaniuliza jina. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, msumari wa kutundikia nguo, na dirisha dogo ambalo ukifungua asubuhi unauona mlima Kwaraa umejifunika ukungu. Ukuta mmoja ulikuwa wa pamoja na jiko. Ukuta huo ndio uliokuwa redio yangu. Kabla hakujapambazuka nilisikia mkaa unapulizwa, sufuria kubwa linaburutwa, halafu Mama Paskali anaanza kuimba nyimbo za kanisani kwa Kimbulu, lugha ambayo sikuielewa hata neno ila niliisubiri. Kisha wateja: mafundi ujenzi, wanawake wa Singe walioleta maziwa, na Mzee Gidamis, fundi baiskeli, ambaye kila siku alifika wa kwanza na kila siku alilalamika kwamba chai imechelewa. Niliwajua wote kwa sauti kabla sijawajua kwa sura. Nilijua nani ana mgogoro wa shamba, nani mkewe karudi kwao, nani anakohoa tangu Pasaka.

Mama Paskali alikuwa mjane. Picha ya mumewe ilitundikwa sebuleni, amevaa suti, rozari imening'inizwa kwenye kona ya fremu. Sukari ndiyo iliyomuua, ilianza na kidonda cha mguu, ukakatwa mguu, halafu akaondoka mzima mzima. Tangu amzike, Mama Paskali hakuweka tena sukari mdomoni, aliapa. Sasa fikiria: mwanamke anayeuza chai ya maziwa, uji na maandazi kwa mtaa mzima, na ulimi wake hauonji sukari! Zamani alimtumia Paskali kuonja, lakini mwaka ule Paskali alikuwa bweni huko Dareda. Basi kazi ikawa yangu. Kila alfajiri nilitoka chumbani na kanga, macho hayajafunguka vizuri, namwamkia, "Shikamoo mama," naye anajibu "Marahaba, mwanangu, lete mkono." Anamimina chai ya moto kutoka kwenye upawa hadi kwenye kiganja changu. Naramba. "Bado," nasema. Anaongeza sukari. Naramba tena. "Hapo." Tunahamia kwenye uji, kisha ananipa kipande cha andazi la kwanza nimwambie kama hiliki imesikika. Baada ya hapo ndipo nakaa kunywa chai yangu halali, kikombe kimejaa. Kuonja, katika jiko lile, hakukuhesabiwa na mtu yeyote. Ilikuwa kama kufuta meza.

Shingo yangu Mama Paskali aliiona siku naosha nywele uani. "We binti! Hii shingo unaiosha kweli?" Nikasema naiosha. Akasogea, akapitisha kidole, akakitazama kidole. Kuanzia siku ile, kila Jumamosi nilikalishwa kwenye kigoda, nikasuguliwa kwa dodoki, na dodoki liliposhindwa likaja jiwe la kusugulia visigino. Haki ya Mungu nilitoa machozi. Ngozi ikawa nyekundu pembeni, lakini weusi wenyewe ulikaa palepale, kama umetumwa. Mama Paskali alikuwa anaimba huku anasugua, hakuwa na ubaya wowote, alitaka nipate mchumba. Na mimi, kwa aibu, nikajishonea magauni yenye kola ndefu mpaka chini ya masikio. Pale sokoni wenzangu wakanibatiza Mama Mchungaji. Nilicheka nao, kisha nikifika chumbani nakaa kitandani na kola yangu na jasho langu, nalia. Nitasema ukweli, nilijichukia. Halafu nilikuwa nachoka bila sababu. Nikila mchana usingizi unanibeba mpaka kichwa kinagonga cherehani, na nikiamka nina njaa kama sijala. Nikadhani ndivyo nilivyoumbwa, mvivu mchafu.

Jumapili moja baada ya misa wakaja watu wa afya kupima sukari bure kwenye uwanja wa kanisa. Mama Paskali alinishika mkono kama mtoto na kunipeleka kwenye foleni. Nilimwona anakwepa kuitazama meza ya vipimo, maana ilimkumbusha mumewe. Nikachomwa kidole, tone likanyonywa na kijikaratasi, mashine ikalia. "Iko sawa kabisa," nesi akasema. Ohoo! Mama Paskali alipiga vigelegele mpaka watu wa foleni wakageuka, akanikumbatia, akasema leo tunakula kuku. Tulikuwa tunaondoka sauti ikatuita. Alikuwa daktari mwanamke, kijana, jina lake Lidia, ana zahanati ndogo mjini. "Dada, samahani. Naomba nione shingo yako."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama Paskali akanitetea haraka, "Daktari, huyu si mchafu. Namsugua mimi mwenyewe kila Jumamosi, haitoki." Daktari Lidia akaishusha kola yangu taratibu, akatazama, akairudisha vizuri kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. "Usimsugue tena, mama," akasema. "Hiyo si taka. Inatoka ndani." Tukakaa naye kwenye benchi pembeni ya kengele ya kanisa, na hapo ndipo nilipoambiwa mambo ambayo mpaka leo nikiyafikiria nasisimka. Alisema nyuma ya tumbo kuna kiungo kidogo kiitwacho kongosho, kazi yake mojawapo ni kutengeneza insulini, na insulini ndiyo inayoifungulia sukari iingie mwilini ikafanye kazi. Kuna miili inakuwa migumu kusikia. Insulini inabisha, mwili haufungui. Basi kongosho linatengeneza nyingine, na nyingine, mpaka mlango ufunguke. Na mara nyingine insulini ikizidi hivyo kwa muda mrefu, ngozi ya shingo inakuwa nene na nyeusi. Akamgeukia Mama Paskali. "Mama, si una mgahawa? Mteja akikaa mezani akaletewa chai kwa wakati, atasema jiko liko sawa. Lakini hajui kule nyuma watu wanakimbizana vipi ili hiyo chai ifike. Kipimo mlichopima leo kinatazama meza. Mimi nataka tuchungulie jikoni."

Kuchungulia jikoni, alisema, ni kupima insulini yenyewe, asubuhi, mtu akiwa hajala tangu usiku, amekunywa maji tu. Saa hiyo hakuna kazi ya chakula, jiko linatakiwa liwe limepoa. Likikutwa bado linawaka sana, ujue lina mzigo. Hakupamba maneno. Alisema kipimo hiki si cha kila mtu, peke yake hakitoshi kumwambia mtu ana ugonjwa, na maabara haziandiki viwango vinavyofanana, lazima kisomwe pamoja na sukari, presha, kiuno na mtu mwenyewe alivyo. Akaongeza kwamba damu ingepelekwa Arusha kwa basi, ndani ya boksi la barafu, kwa sababu hapa hawakuwa na mashine yake. Nilikuwa namsikiliza mdomo wazi. Miaka yote ile nimejiona mvivu, kumbe ndani yangu kuna kitu kinafanya kazi mchana na usiku bila kulalamika, kinanishikilia nionekane sawa! Nilijishika tumbo pale benchini. Nilitaka kukiomba msamaha.

Mama Paskali alitembea mbele yangu njia nzima. Kuku hakuchinjwa. Tulipofika aliingia sebuleni akafunga mlango, nami nikakaa chumbani kwangu na viatu miguuni, naogopa nimemkosea nini. Kisha nikamsikia kupitia ukutani, anaongea taratibu, kwa Kiswahili, lugha aliyozoea kuongea na mumewe aliyekuwa mtu wa kuja. "Shingo yako ilikuwa hivihivi, Baba Paskali. Hivihivi. Na mimi nakusugua. Jumamosi kwa Jumamosi nakusugua, kumbe mwili wako ulikuwa unaniambia." Halafu akaanza kulia kilio ambacho sijakisikia tena, kilio cha mtu aliyekuwa anatafuta kitu nyumba nzima miaka mingi na kukikuta mkononi mwake. Nilienda nikagonga. Akafungua, akanitazama, akaweka kiganja chake nyuma ya shingo yangu na kukiacha hapo. "Wewe hutaenda njia ile," akasema. "Nasema hutaenda."

Siku ya kipimo alikuwa na wasiwasi kuliko mimi. Usiku alinifungia hadi maandazi kabatini. Alfajiri nikaamka, nikavaa, nikapitia jikoni kumuaga. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu, lete mkono." Nikaleta mkono. Nikaramba chai, nikasema bado, akaongeza, nikaramba, nikasema hapo. Nikaonja uji. Nikatafuna andazi, nikamwambia hiliki imekolea. Kisha akanishika mabega, akanibariki kwa ishara ya msalaba, akaniambia, "Nenda, Mungu akutangulie, na usile kitu!" Nikaenda zangu na tumbo langu tupu, nikatolewa damu, na daktari aliponiuliza nimekula nikajibu kwa moyo mweupe kabisa, hapana.

Majibu yalirudi kutoka Arusha, na daktari alikunja uso. Insulini ilikuwa juu mno. Akauliza tena, ulikula? Sikula. Ulikunywa? Maji. Mama Paskali alikuwa ananitikisia kichwa, hapana daktari, hakula huyu, nilimlinda mimi mwenyewe. Halafu nikaona uso wake unabadilika polepole, mkono unapanda mdomoni. "Mungu wangu," akasema. "Alionja." Daktari Lidia akauliza kuonja maana yake nini, tukamweleza, chai, na uji, na lile andazi, na jinsi inavyofanywa kila siku kwenye kiganja. Akajitahidi asicheke, akashindwa, akacheka mpaka akavua miwani. "Mama, mwili haujui kuonja. Kitu kikiteremka kooni, mwili unahesabu." Tulicheka na sisi, lakini mimi moyoni niliruka kwa furaha. Ndiyo hiyo! Ni chai tu ile! Tukirudia vizuri itakuwa kawaida, na nitakuwa sijaumwa kitu.

Tulipangiwa tena. Jioni ya kuamkia siku hiyo Mama Paskali alifanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Alichukua ndoo ya maji, akaenda kwenye jiko lake lililokuwa linaweka makaa hai chini ya majivu tangu sijui lini, akalimwagia maji. Mvuke ukapanda mpaka kwenye mabati. Akafunika masufuria, akapindua vikombe, akakaa kwenye kigoda akilitazama. "Mkono wangu una mazoea," akanieleza. "Nikiwasha, nitakupa upawa. Bora nisiwashe." Hata msiba wa mumewe haukulizima jiko lile, watu walikunywa chai.

Alfajiri niliamshwa na ukimya. Hakuna mkaa unaopulizwa, hakuna wimbo. Nikatega sikio ukutani, nikasikia Mzee Gidamis anafika. "Mama Paskali, leo vipi, mbona giza? Chai?"

"Leo hakuna chai."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Kuna mtu anapimwa."

Wakaja mafundi ujenzi, wakaambiwa hivyohivyo. Wakaja wanawake wa Singe na maziwa yao. Nilidhani watalalamika, watahamia kwa jirani, kulikuwa na migahawa mingine. Nikasikia Mzee Gidamis, mlalamishi yule yule, anavuta benchi na kukaa. "Basi na sisi tusubiri," akasema. Nilipotoka nimevaa kola yangu ndefu niliwakuta wote, wamekaa kwenye mabenchi mbele ya jiko lililopoa, mikono mitupu, baridi ya Kwaraa inawapiga, wananitazama mimi. Fundi mmoja akavua kofia. Mwanamke wa maziwa akaniambia, "Nenda, dada, tupo hapa." Sikuwa mtu wao, nilikuwa mpangaji tu, binti wa kushona vitambaa vya watu, na mtaa mzima ulikuwa umefunga pamoja nami bila kuambiwa. Nililia njia nzima mpaka zahanati, na nilimwambia daktari kabla hajauliza, leo hata mate nimeyaogopa. Niliporudi walikuwa bado wapo. Mama Paskali akawasha moto mbele yao wote.

Majibu ya safari hii yalikuwa chini ya yale ya kwanza, lakini bado juu. Si chai, basi. Ni mimi. Nilijiinamia kwenye meza ya daktari, na nilichokiona mbele yangu ni ile picha ya sebuleni yenye rozari, mguu mmoja, halafu hakuna. Niliwaza nitakufa Babati. Daktari Lidia aliniacha nilie, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tabita, nisikilize. Baba Paskali alijulikana jiko lilipokuwa limeshachoka, meza imeshavurugika. Lako bado lina nguvu. Tumewahi. Watu wachache wanapata bahati ya kuwahi." Akaniambia la kufanya, na lilikuwa dogo hata nikamtilia shaka: nipunguze sukari na unga mweupe, nianze na maharage na mboga kabla ya ugali, ugali wenyewe uwe mdogo, nitembee kila siku, nilale usingizi wa kutosha. Hakuna dawa kwa sasa, akasema, ila tukutane.

Kwa hiyo nikaacha kuonja, na hapo mgahawa ukapata tatizo. Mama Paskali alifikiri siku nzima. Kesho yake akapika chai bila sukari kabisa, akaweka bakuli la sukari na kijiko katikati ya kila meza. "Kila mtu na ulimi wake," akatangaza. Lo, yalizuka maneno! Mzee Gidamis aliuliza kama sasa atatakiwa na kukamua ng'ombe. Lakini nikiwa chumbani, redio yangu ya ukutani ilianza kunipa habari mpya. "Mbona unachota kijiko cha nne?" "Kwani ni chako?" "Nauliza tu. Yule binti si alikuwa na sukari sawa na bado akakutwa na tatizo?" Wiki hadi wiki, nikasikia vijiko vinagonga bakuli mara chache. Siku moja nikamsikia Mzee Gidamis anamuuliza Mama Paskali kwa sauti ya kunong'ona zahanati ya yule daktari iko upande gani. Hakuna spika iliyopita mtaani kutangaza. Ni jiko moja tu lililozimwa asubuhi moja.

Jioni nikifunga cherehani nilitembea njia ya Singe, kati ya mashamba ya mbaazi, na mara nyingi Mama Paskali alinifuata na kanga yake begani, analalamika magoti, haachi. Tuliporudi tulikula makande ya mbaazi yaliyoiva bila haraka, na mboga ya mnavu, na kambare wa ziwani siku ya bahati. Mwanzo niliota sukari usingizini, sidanganyi. Kisha ikaja siku, sikumbuki ipi, nikagundua nimeshona kutwa na kichwa hakijagonga cherehani. Nikasimamisha mguu kwenye pedeli nikashangaa. Nilikuwa macho. Mchana kweupe, baada ya kula, niko macho! Nilihisi kama mtu aliyerudishiwa kitu ambacho hakujua aliibiwa.

Mwishoni mwa mwaka, jiko likazimwa tena, mabenchi yakajaa tena, nikaenda tena. Daktari Lidia alipofungua majibu aligeuza karatasi akanionyesha mwenyewe. Insulini ilikuwa imeshuka hadi ndani ya kiwango cha ile maabara, na sukari ilikuwa palepale ilipokuwa siku ya vigelegele. Meza haikuwa imebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni jikoni. Nilikaa na karatasi ile magotini, nikawaza kongosho langu pale nyuma ya tumbo, limepumzika, labda kwa mara ya kwanza tangu niwe msichana. Niliporudi, Mama Paskali aliniketisha kwenye kile kigoda cha Jumamosi, akashusha kola yangu kutazama. Weusi haukuwa umeisha, lakini ulikuwa umepauka, umelegea. Hakupiga vigelegele. Alipitisha kidole pale, taratibu sana, bila dodoki, kisha akaegemeza paji la uso wake mgongoni kwangu, na tukakaa hivyo mpaka wateja wakaanza kugonga vikombe. Mwaka uliofuata nikaenda Singida kuolewa, na gauni la harusi nilijishonea mwenyewe, shingo wazi.

Mama Paskali aliishi miaka mingi baada ya hapo, akazeeka, akaimba, na moyo wake ukasimama usingizini. Mimi bado kila mwaka naenda kupima, na kila mara nikisubiri majibu napata mshangao uleule, kwamba mtu anaweza kutembea na siri kubwa hivyo ndani yake na asijue. Ndiyo maana jioni ile ya mazishi sikuweza kunyamaza. Nilimpeleka Paskali pembeni ya banda la jiko, nikamwambia yote, shingo ya baba yake, jiwe, shingo yangu, kilio nilichokisikia ukutani, na asubuhi ile jiko lilipozimwa. Habari ya shingo ya baba yake hakuwahi kuambiwa, mama yake hakuweza. Alisikiliza huku anashikashika kola. Mwishowe akasema, "Dada, nimekuelewa. Nitaenda. Lakini siyo sasa, huu ni msiba, niko na wageni, nitakula nao. Baada ya wiki mbili tatu hivi." Nilijua maana yake. Dereva wa lori, wiki mbili tatu! Nilimtazama akirudi kwenye mwanga, akifungua ile soda ya pili, na nilijisikia nimeshindwa, nikamwomba Mama Paskali radhi kimoyomoyo. Magreti alikuwa anasuuza sinia hapo karibu. Sikujua kama amesikia.

Walinilaza chumba changu kile kile. Alfajiri niliamka, nikasubiri. Nyumba ya msiba jiko halilali, nilitegemea kusikia mkaa, masufuria, wanawake wakiulizana chumvi. Kimya. Nikajifunga kanga nikatoka. Waombolezaji walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na mablanketi yao, wanatazamana. Magreti alikuwa kwenye kigoda cha mkwewe, ndoo tupu pembeni yake, na kutoka jikoni ulikuwa unapanda mvuke mwembamba wa makaa yaliyomwagiwa maji.

"Mama, chai vipi?" mtu mmoja akauliza. "Watu wametoka mbali."

"Leo hakuna chai," Magreti akasema. "Kuna mtu anapimwa."

Wengi hawakuelewa. Minong'ono ikaanza, na mama mmoja akasema haya ni maajabu, msibani tena. Ndipo kutoka mwisho wa benchi, ndani ya blanketi, ikasikika sauti ya kizee niliyoijua kupitia ukutani kabla sijamjua mwenyewe kwa sura. Mzee Gidamis alikuwa amejikunja, hana meno, fimbo kati ya magoti.

"Basi na sisi tusubiri," akasema.

Mlango wa sebule ukafunguka. Paskali akatoka, akalitazama jiko la mama yake, akawatazama watu wale wote waliokaa mikono mitupu kwenye baridi. Akainua mkono taratibu, akafungua kifungo cha kola.